Kila Mlango kwa Ufunguo Wake

Baridi ya Juni na Julai ifikapo, mji wa Sultan Hamud hujaa chafya. Mabasi na malori ya Barabara ya Mombasa hutua hapo. Abiria hushuka kununua chakula, na maradhi hushuka pamoja nao. Si jambo geni. Mwaka 1918 homa ya mafua makali, iitwayo influenza, iliyoua mamilioni ya watu duniani, iliingia Mombasa kwa meli, ikapanda bara kwa reli, reli ile ile ipitayo Sultan Hamud. Wakati ule hapakuwa na dawa ya kuipinga. Leo ipo, lakini wengi wetu twakimbilia dawa isiyohusika.

Watu husema, "Homa ni homa, nipe vidonge vya rangi mbili." Mara nyingi vidonge hivyo ni antibiotiki. Antibiotiki hupigana na bakteria, na influenza hailetwi na bakteria bali na virusi. Kuitibu kwa antibiotiki ni kufunga zizi la mbuzi hali mwizi yumo jikoni. Fedha imepotea, ugonjwa umebaki. Tena liko baya zaidi: bakteria huizoea dawa itumiwayo ovyo, na siku ya nimonia itakapohitajiwa, makali yake yatakuwa yamekwisha.

Dawa ya virusi ni nyingine. Mojawapo ni oseltamivir, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999. Virusi vya influenza huingia katika chembe za mwili, huzaana humo, kisha hutoka kushambulia chembe nyingine. Dawa hii huvizuia visitoke. Ndiyo sababu hufaa zaidi ikianzwa kabla ya saa 48 kupita tangu dalili zilipoanza.

Wengine wakisikia haya watasema, "Basi na iuzwe kama peremende!" Nao pia wamekosea. Kijana mwenye afya hupona kwa kupumzika na kunywa maji. Dawa hii humpunguzia ugonjwa kwa siku moja hivi, na huweza kumtapisha. Waihitajio hasa ni walio hatarini: wazee, wajawazito, watoto wachanga, wenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo, na kila aliyezidiwa. Kuamua ni kazi ya tabibu aandikaye cheti. Duka hupima sukari, halipimi ugonjwa.

Najua nitakavyojibiwa: zahanati ni mbali na foleni ni ndefu. Ni kweli, na ni haki yetu kudai tabibu na dawa vifike karibu. Lakini umbali haukigeuzi kidonge kisichofaa kikafaa.

Basi, ewe msomaji uliyefundishwa tofauti ya bakteria na virusi, elimu hiyo usiiache ubaoni. Nyanya yako akishikwa na homa, akikohoa na pumzi kumbana, mpeleke kwa tabibu siku hiyo hiyo. Kila mlango kwa ufunguo wake. Ajaribuye funguo zote huishia kuharibu kufuli.