Ua Lifundishwe kwa Ua

Wakati wa mazoezi ya kufundisha niliketi nyuma ya darasa moja nikisikiliza somo la sehemu za ua. Mwalimu mwanachuo alikuwa amechora ubaoni ua zuri kwa chaki za rangi, na watoto wakaitikia kwa pamoja: petali, stameni, stigma, ovari. Ndipo mtoto mmoja akauliza kwa nini maua mengi ya maboga nyumbani kwao huanguka bila kuzaa. Akajibiwa kwamba hilo halimo katika somo la leo.

Kwa maoni yangu, hilo ndilo lililokuwa somo lenyewe.

Mmea wa maboga una maua ya namna mbili. Ua dume kwa kawaida hutangulia kuchanua. Lina kikonyo chembamba na stameni zenye chavua, nalo hunyauka na kuanguka kwa kuwa kazi yake ni kutoa chavua tu. Ua jike hutambulika kwa kiboga kidogo kilicho chini ya petali: hiyo ndiyo ovari. Chavua ya maboga ni nzito na inanata, haipeperushwi na upepo. Huchukuliwa na wadudu, hasa nyuki, na ua hufunguka kwa asubuhi moja tu. Nyuki wasipofika, kiboga hugeuka manjano na kudondoka. Kwa hiyo mkulima anayenyunyiza dawa ya wadudu asubuhi, maua yakiwa wazi, hujinyima mavuno kwa mkono wake mwenyewe.

Wenzangu wengine husema kwamba madarasa yamejaa na vifaa hakuna. Lakini ua la boga halihitaji hadubini, wala halinunuliwi. Jioni, kila kundi la wanafunzi lifunge kwa uzi matumba mawili ya maua jike yanayotazamiwa kuchanua kesho yake. Asubuhi walifungue moja, walipake chavua ya ua dume, kisha walifunge tena. La pili waliache vivyo hivyo. Baada ya wiki moja makundi yalinganishe. Watakuwa na jibu ambalo hawakulikariri.

Sisemi picha ya ubaoni itupwe. Nasema ije baada ya ua, imsaidie mtoto kupanga aliyoyaona. Wahenga walinena: ukipenda boga, penda na ua lake. Basi, ndugu wanachuo, kabla hamjaandika andalio la somo, tokeni kwanza mkatazame shamba la shule lina nini.