Kompyuta Nzito na Dawa ya Kupiga Windows

Umezuka miongoni mwa mafundi wengi mtindo wa kuitibu kila kompyuta inayokuwa nzito baada ya kuwashwa kwa dawa moja tu, nayo ni kufuta kila kilichomo na kupakia upya mfumo endeshi, kazi ambayo mitaani huitwa "kupiga Windows". Dawa hiyo huleta nafuu ya muda, na hapo ndipo ulipo udanganyifu wake, kwa kuwa mteja huondoka ameridhika, faili zake zikiwa zimepotea au zimenusurika kwa bahati, ilhali chanzo cha uzito kimebaki palepale.

Kompyuta iliyokwisha kuonyesha eneokazi, yaani skrini ya mwanzo yenye alama za programu, huwa haijamaliza kuwaka. Wakati huo programu zilizowekwa zijiwashe zenyewe huamka kwa pamoja, ile ya kuzuia virusi huanza kukagua faili, Windows nayo hutafuta masasisho, na zote hugombea diski. Diski ya zamani, ambayo katika kompyuta nyingi za mpakato ina sahani za sumaku zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, hulazimika kusogeza mkono wake kutoka sehemu moja hadi nyingine, kwa hiyo hutimiza maombi yaliyotawanyika yasiyozidi takriban 100 tu kwa sekunde, wakati SSD, ambayo haina kinachozunguka, hutimiza maelfu.

Uchunguzi hauhitaji zaidi ya kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha linalofunguka huonyesha kiasi cha kichakataji, RAM (kumbukumbu ya muda) na diski kinachotumika, na programu inayokitumia. RAM ya GB 4 ikijaa, mfumo huhamishia sehemu ya data kwenye diski, hivyo mzigo hurudi kulekule. Diski ikisoma asilimia 100 kwa muda mrefu huku data inayopita ikiwa kidogo mno, yafaa ishukiwe kuwa inakufa, na kuipiga Windows katika hali hiyo kabla ya kunakili faili za mteja ni uzembe usio na kisingizio. Ikiwa tatizo ni programu zinazojiwasha, dirisha hilohilo, tangu Windows 8 ya mwaka 2012, lina sehemu ya kuzizuia, kazi ya dakika chache ambayo pengine ndiyo maana haipendwi na anayelipwa kwa kupiga Windows.

Hata ushauri wa kuzima na kuwasha una kasoro isiyotajwa. Katika kompyuta nyingi zenye Windows 8 na matoleo yaliyofuata, kuzima kwa kawaida huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski ili kuwasha kuwe kwa haraka, kwa hiyo hitilafu iliyokuwamo jana huweza kurudi ikiwa nzima asubuhi. Kinachokianzisha kiini hicho upya ni amri ya kuwasha upya.