Anayechagua Shule ni Mzazi au ni Shule?

Najua nimepotea. Majaribio yamenikaba, asainmenti zinafuatana kama siafu, na bumu lenyewe mnajua linavyokwenda. Leo nimejificha hapa maktaba mpya ya Mlimani. Madesa niliyoyafungua mbele yangu siyaoni, maana kichwa changu kipo Kagoma.

Wasiopajua: Kagoma ni kwetu. Ukitoka Bukoba mjini kuelekea Muleba unapita migomba kulia na kushoto mpaka unafika. Kwa sasa ni msimu wa senene, na mama alipopiga simu wiki iliyopita nilijua ananiambia ameshanitunzia kopo. Kumbe wapi! Alianza na salamu za kawaida, akauliza kama nimekula, kisha akashusha sauti: "Mwanangu, baba yako anataka kufanya butura."

Butura, kwa msiotoka kwetu, ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini. Mwenye fedha anakuja, anatazama mibuni yako, anakupa hela leo. Msimu ukifika, mavuno ni yake. Anakupa bei ya mtu mwenye shida, yaani ndogo mno, na yeye anakwenda kuuza kwa bei ya kweli. Serikali imepiga marufuku miaka mingi, lakini ada ya shule haisubiri, na mwenye shida hasomi matangazo.

Shida yenyewe ni hii. Mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, amemaliza darasa la saba mwaka huu. Amefaulu na kupangiwa shule ya kata, mwendo wa karibu saa nzima kwa mguu. Lakini kabla hata matokeo hayajatoka, baba alikuwa ameshampeleka kufanya mtihani wa kujiunga katika shule moja binafsi ya bweni yenye jina kubwa. Fomu tu shilingi elfu thelathini. Baba anasimulia kwamba watoto walikuwa zaidi ya mia nne na nafasi ni themanini. Binti yetu kapita! Kijiji kizima kimejua. Ada yake kwa mwaka ni milioni tatu na ushee, na nusu inatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Baba akanipigia mwenyewe jioni ile. "Wewe ndiye nshomile wetu," akasema, "nipe mawazo yako Jumapili." Mnajua neno hilo linavyotutania sisi Wahaya nchi nzima: nshomile, nimesoma! Lakini baba alipolitamka hakuwa anatania. Alikuwa anataka jibu.

Basi nimekaa na hilo jambo siku nne, na ninaandika hapa nilichokiona.

Kwanza, ule mtihani. Nilimuuliza mdogo wangu uliulizwa nini. Akasema hisabati, Kiingereza na maarifa, vyote kwa Kiingereza. Yeye amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Kulikuwa na hesabu ya mtu anayegawa maembe kwa watoto, mwisho wanataka baki. Kugawanya anajua, ila neno la Kiingereza la "baki" hakulijua. Akaliruka. Akapita kwa bahati ya maswali mengine. Rafiki yake waliyekwenda naye, ambaye ndiye anayeshika namba moja darasani kwao tangu darasa la tatu, kaachwa. Sasa niambieni, mtihani huo ulipima akili au ulipima nani alisoma shule ya Kiingereza tangu chekechea?

Pili, hili la "shule inafaulisha". Shule inachuja watoto mia nne, inabakiza themanini walioiva tayari, halafu miaka minne baadaye inatundika bango: divisheni wani tupu! Jamani, mkulima akichagua mbegu nzuri peke yake, akatupa zilizobaki kwa jirani, kisha akajisifu kwamba shamba lake lina rutuba kuliko la jirani, mtamwamini? Sisemi hawafundishi. Wanafundisha, tena walimu wapo na maabara zipo. Ninachosema ni kwamba bango haliwezi kukuonyesha kipi ni kazi ya mwalimu na kipi ni kazi ya chujio.

Tena chujio halikomi siku ya kuingia. Binamu yangu alipelekwa shule ya namna hiyo, mkoa mwingine. Alipofika kidato cha tatu akashuka chini ya wastani wa shule, mjomba akaitwa na kuambiwa amtafutie mtoto sehemu nyingine. Ada ya miaka miwili na nusu ilishakwenda. Serikali imekemea mchezo huo mara kadhaa, lakini mzazi wa kijijini akiitwa ofisini na kuambiwa mtoto wako anatuharibia wastani, atabishana vipi? Binamu yangu hakuwa mjinga. Alikuwa tu wa mwisho kati ya waliochaguliwa, na katika kundi lolote lazima awepo wa mwisho.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa. Wengine walilalamika. Mimi niliona sawa, maana ile orodha ilikuwa tangazo la biashara la bure. Lakini mabango hayajaisha, na wazazi wetu bado wanachagua kwa kusikia jina.

Tusiwalaumu wazazi lakini. Kagera hii hadithi ni ndefu. Kabla ya uhuru na baada yake, shule za misheni kama Ihungo zilikuwa ndoto ya kila nyumba. Seminari ya Rubya ndiko alikosomea Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali. Baada ya sheria ya elimu ya 1969 shule nyingi za misheni zikawa za serikali. Nafasi za sekondari zikagawanywa kwa mikoa ili waliokuwa nyuma nao wapate, jambo ambalo kwa taifa lilikuwa la haki, ila kwa mzazi wa Muleba lilimaanisha mtoto kafaulu na nafasi hakuna. Wazazi wa mikoa ya kahawa, huku kwetu na Kilimanjaro, wakachanga hela zao wakajenga shule binafsi. Kwa hiyo kahawa kulipa ada si wazimu wa baba yangu peke yake. Ni desturi yetu.

Kisha kuanzia 2004, na mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, zikaja shule za kata. Majengo yalitangulia, walimu wakafuata polepole. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 wote tunayakumbuka: zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Hofu ile haijatoka vifuani mwa wazazi. Tangu 2016 ada imefutwa kidato cha kwanza mpaka cha nne, na bado mzee anaona bora auze kahawa ikiwa mbichi kuliko kukubali cha bure. Ndiyo kusema hofu ina nguvu kuliko hesabu.

Basi Jumapili ikafika. Nikampigia baba, nikamwaga hoja zangu zote kama ninatetea tasnifu. Chujio, mbegu, Kiingereza, binamu. Nikamalizia kwa mfano ambao nilidhani ndio nyundo: "Baba, mimi mwenyewe nimesoma shule ya kata hapo hapo, na leo niko Mlimani."

Baba akanyamaza. Nikasikia kuku nyuma yake. Akauliza taratibu: "Darasa lenu mlikuwa wangapi?"

Nikasema mia na kumi hivi.

"Mliofika chuo kikuu?"

Wadau, ni watatu.

Sikuwa na jibu. Nimekaa siku nne nikisema shule kubwa zinajisifu kwa waliochujwa, kumbe na mimi nilikuwa najisifu kwa chujio lile lile. Shule ya kata ilituchuja mia na kumi kwa njia nyingine: mwalimu wa fizikia tuliyempata kidato cha tatu tu, njaa ya mchana, mvua za masika, na wasichana waliokuwa wanaacha shule mmoja mmoja bila mtu kuuliza. Niliyefika hapa siyo ushahidi kwamba njia ni nzuri. Ni ushahidi kwamba mtu anaweza kuvuka.

Na mama alikuwa ameshaniambia jambo ambalo mimi kama mvulana sikuwahi kulifikiria. Saa nzima kwenda, saa nzima kurudi, alfajiri na jioni, bodaboda wanasimama kutoa lifti. "Wewe ulikuwa unatembea na fimbo," mama alisema. "Yeye atatembea na nini?"

Kwa hiyo msimamo wangu wa leo si ule wa Jumatano. Sisemi tena "shule ya kata inatosha". Inatosha kwa watatu. Lakini na hili ninalishikilia: kuna bei ambayo hakuna shule inayostahili, na butura ni mojawapo. Ukiuza mavuno ya mwakani kulipa nusu ya ada ya mwaka huu, nusu ya pili utauza nini? Na ya kidato cha pili? Kibanja? Mtoto akirudishwa kidato cha pili kwa kukosa ada, ameonja maumivu mawili badala ya moja.

Nikamwomba baba afanye jambo moja kabla hajatoa hata shilingi. Aende shuleni, si kutazama majengo, bali aulize maswali matatu. Walioanza kidato cha kwanza miaka minne iliyopita walikuwa wangapi, na waliofanya mtihani wa kidato cha nne kwa jina la shule hii ni wangapi? Mtoto akishuka chini ya wastani mnamfanyia nini? Na ada inaweza kulipwa kwa awamu ngapi, kwa maandishi? Shule inayofundisha kweli itajibu bila kukasirika. Ikikasirika, jibu tumelipata.

Na swali la nne aulize nyumbani: binti mwenyewe anataka nini? Mpaka leo nimeongea na baba mara tatu na mama mara tano. Yeye nilimuuliza habari za mtihani tu. Kaazi kweli kweli.

Upande wa pili nimependekeza hivi: shangazi yetu anaishi karibu kabisa na ile shule ya kata. Binti akae kwake siku za masomo, ile safari ya giza iishe. Kiasi kidogo cha hela ambayo baba angeitoa kwenye ada kinunue vitabu na taa ya sola, na likizo alipiwe mwalimu wa Kiingereza na hisabati. Na mimi kwenye bumu langu nitakata kidogo kila linapoingia. Nimeshasema, msinicheke. Nikila chipsi kavu mtajua sababu.

Najua kuna watakaosema haya yote yanaisha, maana sera ya elimu, toleo la 2023, inaleta elimu ya lazima ya miaka kumi na shule ya msingi ya miaka sita. Vizuri sana. Kenya nao walifanya KCPE yao ya mwisho mwaka 2023. Lakini mtihani wa taifa ukiondoka, mtihani wa kujiunga wa shule moja moja unabaki, na mabango yanabaki. Mpaka shule ya karibu na nyumbani iwe na mwalimu wa fizikia kuanzia Januari ya kidato cha kwanza, wazazi wa Kagoma wataendelea kukaa usiku wakihesabu mibuni.

Baba amekubali jambo moja: butura hapana. Mengine, amesema, atakwenda kuuliza kwanza. Kabla ya kukata simu akaongeza: "Nshomile, hilo swali la walioanza na waliomaliza, niandikie kwenye meseji nisilisahau."

Nimeliandika. Na ninyi wadau mlio na wadogo zenu huko nyumbani, waandikieni wazazi.

Nirudi kwenye madesa. Senene wangu wako njiani kwa basi, wa kwanza kufika hosteli ndiye atakayekula.