Gazeti Lililouawa na Waliolikubali Kimoyomoyo

Yapo magazeti ambayo sifa zake zimejaa vitabuni, lakini ukiuliza yako wapi leo hutaonyeshwa hata ukurasa mmoja unaochapwa. Mojawapo ni Lexington Advertiser, gazeti la kila wiki la mji wa Lexington, makao makuu ya Kaunti ya Holmes katika Jimbo la Mississippi, Marekani. Miaka ninayoisema, mji huo ulikuwa na watu wapatao 3,000. Mahakama imesimama katikati ya uwanja na maduka yameizunguka, na ukielekea magharibi vilima vinashuka hadi kwenye tambarare za pamba za Delta. Watu weusi walikuwa wengi kuliko Wazungu katika kaunti hiyo, lakini kura, benki, mahakama na maduka makubwa vyote vilikuwa mikononi mwa Wazungu. Nataka tulitazame gazeti hili kwa makini, kwa sababu lililolipata laweza kulipata gazeti lolote la mji mdogo, na kwa sababu sehemu kubwa ya lawama ya kifo chake inawaangukia watu ambao kwa kawaida hatuwalaumu.

Mwenye gazeti alikuwa mwanamke wa Kizungu, Hazel Brannon, ambaye baada ya kuolewa alijulikana kama Hazel Brannon Smith. Alizaliwa Alabama mwaka 1914, akahitimu Chuo Kikuu cha Alabama mwaka 1935, na mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 22, akakopa dola 3,000 na kununua Durant News, gazeti dogo katika kaunti hiyohiyo ya Holmes. Mwaka 1943 akalinunua Lexington Advertiser, lililokuwa likisomwa hapo tangu karne ya 19.

Gazeti la namna hiyo huishi kwa mambo madogo. Huandika nani kaoa, nani kafiwa, timu ya shule imefunga mabao mangapi, na pamba imevunwaje. Mwenye duka la nguo hutangaza viatu vipya, mwenye duka la vyakula hutangaza bei ya unga na nyama, na serikali ya kaunti hulipia matangazo ambayo sheria inaitaka iyachapishe, kama vile ya kodi na ya mnada wa mashamba. Bei anayolipa msomaji kwa nakala mara nyingi haitoshi hata kulipia karatasi na wino. Matangazo ndiyo yanayolipa mishahara. Mhariri naye hana pa kujificha, maana mtu aliyemwandika Alhamisi atamkuta kanisani Jumapili. Katika mji mkubwa mwandishi anaweza kumkosoa mkubwa asiyemjua. Lexington haikuwa hivyo, na ndiyo maana ujasiri wa mhariri wa mji mdogo ni mzito kuliko ule wa mhariri wa jiji, ingawa sifa humwendea wa jiji.

Bibi huyu hakuanza kama mpigania haki za watu weusi. Aliamini, kama walivyoamini Wazungu wengi waliomzunguka, kwamba watu wa rangi mbili waishi mbalimbali. Jambo alilolishika mapema na kwa nguvu ni sheria. Mississippi ilikuwa imepiga marufuku pombe, lakini pombe iliuzwa waziwazi na kamari ikachezwa huku maofisa wakitazama kando. Aliandika wiki baada ya wiki akidai sheria ifuatwe. Mwaka 1946 alimhoji mjane wa mtu mweusi aliyechapwa viboko hadi kufa, na jaji akamtia hatiani kwa kuidharau mahakama. Mahakama ya Juu ya jimbo ikaitengua hukumu hiyo.

Kisha ukaja mwaka 1954. Tarehe 17 Mei Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Mwezi Julai, katika mji wa Indianola usio mbali na Lexington, Wazungu wenye mali na vyeo waliunda Baraza la Raia la kwanza ili kuupinga uamuzi huo, na mabaraza kama hilo yakaenea katika jimbo zima na nje yake. Silaha yao haikuwa fujo za usiku za watu waliojifunika uso. Ilikuwa mkopo unaokataliwa, kazi inayosimamishwa, mteja anayehama duka. Mwezi huohuo wa Julai, sherifu wa Kaunti ya Holmes, Richard Byrd, alimpiga risasi mguuni kijana mweusi ambaye hakuwa na kosa lolote. Hazel Smith alichunguza, akachapa habari, kisha akaandika tahariri ukurasa wa mbele akisema sheria ni ya watu wote, na kwamba sherifu yule hastahili kushika kazi yake. Sherifu akamshtaki kwa kumkashifu. Baraza la wazee wa mahakama, wote Wazungu, likampa sherifu fidia ya dola 10,000. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Mississippi ikaufuta uamuzi huo.

Hapo ndipo nataka msomaji asimame kidogo. Mara mbili sheria ilitumiwa kumnyamazisha mhariri huyu, na mara mbili mahakama ya jimbo lilelile la kibaguzi ikampa ushindi. Kwa hiyo si kweli kwamba gazeti liliangushwa na serikali. Liliangushwa na jambo ambalo hakuna mahakama inayoweza kulitengua, nalo ni mwenye duka kusema, kwa sauti ya upole, kwamba wiki hii hatatangaza.

Mwanzoni mwa 1956 mumewe, aliyekuwa msimamizi wa hospitali ya kaunti, alifukuzwa kazi. Matangazo yakaanza kupungua. Mwishoni mwa miaka ile ya 1950 wapinzani wake wakaanzisha gazeti jingine mjini humohumo, Holmes County Herald, ili mwenye duka asiwe tena na udhuru wa kusema hana pengine pa kutangaza. Mwaka 1960 msalaba ulichomwa moto uani kwake. Yeye akaendelea. Alikopa, akaweka rehani alivyokuwa navyo, akachapa kazi za watu wengine kwa mtambo wake. Kuanzia mwishoni mwa 1961 akawa anachapa Mississippi Free Press, gazeti la wapigania haki za watu weusi wa Jackson, mji mkuu wa jimbo, jambo lililowafanya wapelelezi wa jimbo wamfuatilie zaidi. Wahariri wa miji mingine walimchangia. Watu weusi wa Holmes, wengi wao wakulima wasio na akiba, nao walichanga wakampa. Fedha hiyo naiheshimu kuliko nyingine zote, maana waliitoa watu ambao kwa miaka mingi gazeti lilikuwa halijawaandika ipasavyo.

Mwaka 1963 wakulima weusi wa Mileston, katika kaunti hiyohiyo, walikwenda katika mahakama ya Lexington kujiandikisha kupiga kura. Mmoja wao alikuwa Hartman Turnbow. Mwezi Mei nyumba yake ilitupiwa mabomu ya moto usiku, kisha yeye mwenyewe akakamatwa kwa madai kwamba ameichoma nyumba yake. Lexington Advertiser lililaani waziwazi jambo hilo. Mwaka 1964 Hazel Smith akatunukiwa Tuzo ya Pulitzer ya uandishi wa tahariri, mwanamke wa kwanza kuipata. Miaka mitatu baadaye watu wa Holmes wakamchagua Robert Clark, mtu mweusi wa kwanza kuingia katika bunge la Mississippi katika karne ya 20. Waliokuwa wamezuiwa kujiandikisha sasa walikuwa wakipiga kura.

Na matangazo? Hayakurudi. Tuzo haikulipa deni la karatasi. Gazeti lilijikokota miaka mingine ishirini na zaidi, likafungwa mwaka 1985, na mwenyewe akafilisika. Alifariki mwaka 1994, mgonjwa, mbali na Lexington, na mwaka huohuo televisheni ikaonyesha filamu ya maisha yake.

Sasa nisikilizeni. Siamini hata kidogo kwamba kila mwenye duka katika uwanja ule alikuwa mbaguzi wa kupindukia. Mhariri yule alikuwa ameishi katika kaunti yao miaka kumi na minane kabla ya tahariri ya sherifu. Walikuwa wamemsoma, wamemwalika, wamemkuta katika mazishi yao. Lazima walikuwepo waliosoma tahariri ile wakatikisa kichwa kwa kukubali, wakakunja gazeti, wakaenda dukani, na mjumbe wa Baraza alipopita wakasema wao hawana neno. Kila mmoja alijua anachokubali moyoni. Hakuna aliyejua kwamba jirani yake anakubali vilevile. Mgomo wa namna ile hauhitaji watu wengi wabaya. Unahitaji watu wengi wema, kila mmoja akiwa peke yake.

Nawaambia ninyi mnaosoma gazeti la mji wenu kwa kuazima, mnaosifu makala yake barazani na kuitikia kwamba leo mhariri amesema kweli. Sifa hiyo haimfikii mwenye kupanga kurasa. Nunua nakala yako. Andika barua yenye jina lako uipeleke ichapishwe. Mhariri akiandikiwa vitisho, apate pia barua tano za kumuunga mkono wiki ileile, ili wenye kutisha wajue hawako peke yao mjini.

Nanyi wafanyabiashara, nayajua mtakayoniambia: tuna watoto, tuna madeni, benki itatukataa. Ni kweli, na mimi siwaombi ushujaa. Wenye maduka ya uwanja wa Lexington walikuwa na watoto pia. Walichokosa ni kukutana. Wangekaa kumi, wakakubaliana kutangaza pamoja katika ukurasa mmoja, Baraza la Raia lingelazimika kuwagomea kumi kwa mpigo, na mji wenye uwanja mmoja wa maduka hauna pa kununulia unga ukishawagomea wauzaji kumi. Kwa hiyo fanyeni hivi sasa, kabla shida haijaja, mhariri wenu akiwa bado anaandika juu ya mashimo ya barabara tu. Kutaneni wachache, lipieni matangazo ya miezi sita kwa mkupuo, mkubaliane kwa maandishi kwamba hakuna atakayejitoa kwa sababu ya habari iliyochapishwa. Akikosea, mumkosoe kwa barua. Fedha ikiwa imeshalipwa, hatakuwa na haja ya kuwauliza kwanza kabla ya kuandika jina la sherifu.