Neno la Mhariri: Utui si Nukta

Jiografia ya vijiji na miji midogo ya Kitui na Makueni imezoeleka kuandikwa kwa orodha, yaani jina la kaunti, makao yake makuu, wadi zake, 40 kwa Kitui na 30 kwa Makueni, kisha idadi ya watu. Orodha hiyo si ya kubezwa. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni, na kwa kuwa Kitui, yenye kilomita za mraba zipatazo 30,000, ni zaidi ya mara tatu ya Makueni kwa ukubwa, tofauti ya msongamano wa watu pande mbili za Mto Athi inaonekana kabla hata ya ramani kufunguliwa. Hata hivyo orodha hudhani kwamba kijiji ni nukta, na dhana hiyo ndiyo inayopingwa na toleo hili, kwa sababu katika Ukambani kijiji hakijawahi kuwa nukta.

Kikamba chenyewe kina msamiati wa makazi ulio makini kuliko ule wa ofisi za serikali. Musyi ni boma la familia. Thome ni uwanja ulio nje ya boma ambapo wanaume walikutana kuzungumza na kuamua mambo. Utui ni ujirani wa maboma yaliyotawanyika juu ya mgongo mmoja wa kilima au kando ya kijito kimoja. Na kivalo ni eneo pana linalokusanya ujirani kadhaa. Nje ya hayo kulikuwa na weu, nyika ya malisho isiyo na mwenyewe, iliyofikiwa kutoka kambi za mifugo zilizoitwa syengo. Mgeni aliyezoea vijiji vya tambarare za Bulgaria, ambako nyumba zimeshikana na mashamba yapo nje, angeweza kuvuka utui mzima bila kujua kwamba amepita kijijini. Tofauti nyingine ni ya sheria. Melnik, mji mdogo kuliko yote nchini Bulgaria, una wakazi wapatao 200 tu na bado serikali inautambua kuwa mji, ilhali sheria ya Kenya ya mwaka 2011 kuhusu maeneo ya miji hupima hadhi kwa vichwa, na mji hutakiwa kuwa na wakazi wasiopungua 10,000. Kwa kipimo hicho, vituo vingi ambavyo kila mtu huviita mji, na ambavyo hufurika watu siku ya soko, hubaki bila hadhi ya mji kisheria. Kipimo kinachohesabu waliolala mahali, na kuwapuuza waliofika pale alfajiri na mbuzi wao, hakifai kwa nchi ya makazi yaliyotawanyika.

Kinachoeleza vizuri zaidi mahali pa mji ni maji, na maji yenyewe huelezwa na miamba. Milima ya Mbooni na Kilungu ni mabaki ya miamba ya kale sana. Vilele vyake huzidi mita 1,800, hunasa mvua, na kwa hiyo ndiko masimulizi ya Wakamba yanakoweka makazi yao ya awali, kabla ya watu kuvuka Athi na kuenea Kitui. Ardhi ilipobana huko juu, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilifyeka vichaka vya mbung'o katika nyanda za Makueni na kuhamishia watu huko kwa mpango maalumu. Hivyo sehemu ya Makueni ambayo leo hudhaniwa kuwa kongwe ni ya makazi yaliyopangwa juzi juzi tu.

Vilima vya Chyulu ni hadithi nyingine kabisa. Vilitokana na volkano changa, na mwamba wake una matundu mengi mno, hata mvua inayonyesha juu yake haitengenezi mito bali huzama, ikaja kuibuka chini kama chemchemi pembezoni mwa lava, zikiwamo zile za Kibwezi na Makindu. Reli ya Uganda ilipopita hapo mwishoni mwa karne ya 19, injini za mvuke zilihitaji maji, na maji yalikuwapo. Wamisheni wa Kiskoti walikuwa wamekwisha kutangulia Kibwezi mwaka 1891, lakini mahali penye maji palikuwa pia mahali pa homa, nao wakahamia Kikuyu mwaka 1898. Makindu ilikua kuwa kituo cha reli, ikapata hekalu la Masingasinga mwaka 1926, na hadi leo wasafiri wa barabara ya Mombasa hula humo bila malipo. Emali na Sultan Hamud nazo zimekaa juu ya mpaka wa Kajiado, hivi kwamba mwenye duka anaweza kuwa Makueni na mteja wake akatokea ng'ambo.

Kitui haikupitiwa na reli, ingawa ilikuwa na biashara ya misafara kabla ya Makindu kuwa na kituo. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa huko, alimpokea Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, na ni kutoka Kitui ambako mmisionari huyo Mjerumani aliuona Mlima Kenya. Mashariki ya Athi umelala uwanda wa Yatta, mtiririko mmoja wa lava ulioganda kwa urefu wa karibu kilomita 300, na ng'ambo yake mito kama Tiva ni ya mchanga sehemu kubwa ya mwaka. Mto wa mchanga si mto uliokufa. Maji hukaa chini, jua lisiyafikie, na wanawake huyafukua kwa mikono. Bwawa la mchanga, ukuta wa mawe au zege unaojengwa katikati ya mkondo ili kuzuia mchanga na maji yaliyomo, ni ufundi uliozaliwa na ujuzi huo, na umejengwa kwa nguvu za mwethya, yaani vikundi vya kusaidiana kazi. Kila lori la mchanga linaloelekea Nairobi huondoka na sehemu ya kisima. Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015, na haikukosea.

Yabaki majina. Mutitu, katika Kitui, ni msitu. Mtito Andei, katikati ya safari ya Nairobi na Mombasa, ni msitu wa tumbusi, neno lile lile lililoandikwa kwa sikio la mgeni. Makindu ni mikindu, miti ambayo ukindu wake hufumwa mikeka. Sultan Hamud hubeba jina la Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Unguja kuanzia 1896 hadi 1902. Vibao vya barabarani huacha alama za ĩ na ũ za Kikamba, na kwa kuziacha hufuta nusu ya maana.

Kwa hiyo wasomaji wa Nuu, Voo, Mutha, Tseikuru, Kalamba na Kikima wanaombwa waliandikie jarida hili majina ya vijito, vilima na masoko ya kwao kama yanavyotamkwa nyumbani, pamoja na siku ya soko, na mahali maji yanapochotwa mwezi wa Septemba.