Mafindofindo si Ugonjwa wa Kuchekewa

Leo sikuleta ngonjera wala vitendawili. Nina neno juu ya koo.

Katika mabweni yetu mtu akiamka akasema koo linamuuma, hujibiwa kwa kicheko. "Si ulipiga kelele sana uwanjani jana!" Wengine husema anakwepa prepu. Akikazana sana atapewa vidonge viwili vya kutuliza maumivu na kuambiwa asukutue kwa maji ya chumvi, basi. Mimi nasema mzaha huu una gharama, na wanaoilipa ni watoto wa rika letu.

Ninazungumzia homa ya baridi yabisi. Kuna bakteria aitwaye streptokokasi ambaye huingia kooni akaleta mafindofindo. Mwili nao hutengeneza askari wa kupigana naye. Balaa ni kwamba wiki mbili tatu baadaye, koo limekwisha kupona na mtu amesahau, askari wale wale huweza kukosea adui wakaushambulia mwili wenyewe. Leo goti linavimba, kesho kifundo cha mguu, kesho kutwa kiwiko. Nasi husema, "Aa, ni kukua tu huko!" Viungo hupona, lakini moyo huenda ukabaki na makovu. Ndani ya moyo mna vali 4, yaani vilango vinavyopitisha damu mbele na kuizuia isirudi nyuma. Kile cha upande wa kushoto kiitwacho mitrali ndicho huumia zaidi. Hakifungi sawasawa tena, na homa ikirudi mara kwa mara, hata kufunguka huwa taabu. Hapo ndipo utamwona mtoto wa miaka 13 akipanda ngazi huku anahema kama mzee.

Wanaoshikwa zaidi ni wa miaka 5 hadi 15. Wengi wetu hapa tumo humo au ndio kwanza tumetoka.

Kinga yake ni penisilini, dawa kongwe na ya bei nafuu. Mafindofindo hayo yakianza kutibiwa ndani ya siku 9, homa hii kwa kawaida huzuilika. Vidonge ni vya siku 10, si vya siku 3 kisha vilivyobaki ukamgawia rafiki, mtindo ambao sote tunaujua. Au ni sindano moja tu. Nakubali si kila koo linahitaji penisilini. Lenye mafua na kikohozi mara nyingi ni virusi. Lakini kutofautisha ni kazi ya muuguzi, si ya kiranja wa bweni.

Aliyekwisha kuugua homa hiyo hudungwa sindano kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Inauma hiyo, si mchezo! Hata hivyo inafaa. Kule Gulu, Uganda, watafiti walifuatilia watoto wapatao 800 waliokuwa na dalili za mwanzo moyoni, wakachapisha matokeo mwaka 2021. Baada ya miaka 2, waliozidiwa miongoni mwa waliodungwa walikuwa 3. Miongoni mwa wasiodungwa, 33.

Upasuaji upo, hata hapa nchini, kwa mfano Tenwek kule Bomet. Lakini anayewekewa vali ya kimitambo humeza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na kwa msichana dawa hiyo ni hatari akishika mimba.

Kwa hivyo naomba hivi: mwenye tarehe za sindano asipange foleni kila mwezi mbele ya afisi ya naibu wa mwalimu mkuu, barua ya mzazi mkononi. Tarehe zake ziandikwe katika daftari la matroni mwanzoni mwa muhula, na siku ikifika atoke, hata kama ni siku ya mtihani wa majaribio. Naye mwenye koo apelekwe kwa muuguzi siku hiyo hiyo. Nimesikia pingamizi kwamba wajanja watajisingizia. Wacha wajisingizie. Muuguzi atawaambia wafunue kinywa, na koo jekundu haliigizwi.