Nyasa: Ukimya Si Amani

Mkataba uliotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890 unajulikana visiwani kwa jeraha lake. Uingereza ilimpa Mjerumani kisiwa cha Heligoland, naye akaridhia Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Mwingereza. Wachache hukumbuka kwamba mkataba huo huo ulipitisha mpaka kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Nyasa, ukawaachia Wakisi na Wamanda mchanga bila ya maji.

Hiyo ndiyo hoja ya Malawi hadi leo: ziwa lote la upande wa kaskazini ni lake, madhali wakoloni waliandika hivyo na viongozi wa Afrika, mjini Cairo mwaka 1964, wakaahidi kuiheshimu mipaka waliyoirithi. Hoja ina nguvu, lakini haijatimia. Kifungu cha sita cha mkataba wenyewe kiliruhusu mistari irekebishwe kwa mapatano, kwa kufuata mahitaji ya mahali. Mwaka 1954 Mwingereza na Mreno walikubaliana mpaka wa Nyasaland na Msumbiji upite katikati ya maji. Lililokuwa halali kwa wageni wawili linakuwaje haramu kwa ndugu wawili?

Tanzania, inayodai mstari wa katikati, ina haki ya kuuliza swali hilo. Haina haki ya kuliuliza kwa mtutu. Agosti 2012, baada ya Malawi kutoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani, Edward Lowassa, mwenyekiti wa kamati ya Bunge iliyosimamia mambo ya nje na ulinzi, alisema hadharani kuwa jeshi liko tayari diplomasia ikishindikana. Mwaka huo huo ndio uliozaliwa Mkoa wa Njombe, ukiwa na Ludewa na ufuo wake. Mkaazi wa Mjimwema, mjini Njombe, alipata mkoa na vitisho vya vita kwa pamoja. Naye aliwahi kutishwa na upande wa pili: mwaka 1968 Rais Kamuzu Banda alidai kuwa Malawi ya asili ilifika maili 100 kaskazini ya Songwe, na mashariki hadi Bahari ya Hindi. Madai hayo yakichorwa ramani, Mjimwema imo ndani. Majigambo hayana mwenyewe; kila serikali huyaazima siku inapoyahitaji.

Diplomasia nayo ilifanya nini? Oktoba 2012 Malawi ilijitoa katika mazungumzo, ikilalamikia ramani mpya ya Tanzania na usumbufu kwa wavuvi wake. Shauri likapelekwa kwa jopo la marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano, akiwamo Thabo Mbeki. Mwaka 2014 usuluhishi ulikwama, na mpaka wa kukubaliana haujapatikana. Wapo wanaosifu hali hii kuwa ni busara: hakuna risasi iliyolia, basi kuna nini? Kuna moto uliofunikwa majivu. Mgogoro usiotatuliwa ni akiba ya mwanasiasa aliyeishiwa na hoja.

Wapenzi wa ushairi wanaijua mila ya malumbano. Mshairi humjibu mwenziwe kwa vina na mizani, wala hamfungii mlango. Anyamazaye amekubali kushindwa. Katika kadhia ya Nyasa pande zote mbili zimenyamaza, na zote mbili zinajidai washindi. Anayeshindwa ni mvuvi wa Lupingu, atupaye wavu katika maji ambayo ramani moja humwita mwenyeji na nyingine mvamizi, ilhali dagaa hawasomi ramani yoyote.

Dodoma na Lilongwe zirudi mezani. Zianze na mapatano ya uvuvi na usafiri, ili mtu ale kabla mstari haujachorwa. Kisha zichore mstari, ama zikubali kwenda mahakamani kwa hiari. Nyasa maana yake ni ziwa tu. Waliolipa jina hilo hawakuliita langu wala lako.